Hitima ya Mbia wa Pili

Wiki iliyopita niliwaacha mbele ya dirisha la karani, faili langu likirudishwa. Anayeanza kusoma leo hatapotea. Habari yote ya nyuma inaingia katika aya chache.

Naitwa Massoudi. Ni msahihishaji wa chapa, mkazi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, na tangu ujana nimelipwa kutafuta makosa katika maandishi ya watu wengine. Machi 1995, Wahutu walipofukuzwa Bwiza, mtaa wa jirani, tajiri wangu Léonce alivukia Uvira, upande wa Congo. Mkewe Daphrose alizuiwa kwenye kizuizi cha Gatumba, karibu na mpaka. Akarudi mjini, akaja kwangu.

Léonce alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji pale Bwiza: mashine mbili na kisu cha karatasi. Mali ya mtu aliyekimbia ilikuwa haimalizi wiki kabla ya kuporwa. Kwa hiyo nilimfuata Uvira na hati, tukaiandika kampuni upya kwa majina ya Kiislamu, ambayo waporaji hawakuyagusa. Sheria ilitaka wabia wawili. Wa kwanza nilikuwa mimi, hisa kumi katika mia. Wa pili aliitwa Asiya, mdogo wa mke wangu Fadhila, hisa tisini.

Asiya hakuwahi kuzaliwa. Ni jina tulilompa Daphrose ili alale nyumbani kwetu bila maswali. Hisa tisini zilikuwa zake kwa sababu kiwanda kilikuwa cha mumewe. Ukweli huo tuliuandika katika barua ya siri, Léonce na mimi tukatia saini, na wakati wa kuagana akaniambia, "Nitunzie mashine na mke. Ukishindwa kimoja, shindwa mashine."

Mwaka uliofuata vita viliingia Uvira. Tangu hapo hatukusikia neno lolote juu yake.

Mei 2004 ofisi inayosajili makampuni ilibandika tangazo. Kila mkurugenzi na kila mbia aje mwenyewe, na karangamuntu yake, yaani kitambulisho, na hati ya kuzaliwa, aweke kidole gumba mbele ya karani. Mwisho tarehe 30 Juni. Kampuni ambayo wenyewe hawajaonekana itafutwa, na mashine zake zitatiwa lakiri.

Hapo ndipo tulipoishia. Naendelea.

*

Karani aliitwa Ildephonse. Ningependa kuwaandikia kwamba alikuwa mla rushwa, maana na mla rushwa mtu huwa anaelewana. Hakuwa. Alikuwa na shati moja jeupe lililofuliwa kila siku, na alisoma kila mstari.

"Mzee Massoudi, we nimekuona," alisema. "Karangamuntu nimeona, kidole nimeona. Huyu mwingine ndiye simuoni."

Nilimwambia Asiya anaumwa.

"Bon. Mugonjwa naye ana kidole. Nitakuja nyumbani na wino."

Barua ya siri ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeamua kumwonyesha, kwa kuwa niliamini kwamba hati iliyoandikwa vizuri hujitetea yenyewe. Nilianza kwa swali. Nilimuuliza inakuwaje ikiwa mbia aliandikwa kwa niaba ya mtu mwingine, kwa nia njema, kwa sababu ya vita.

Aligeuza tangazo akaweka ncha ya kalamu kwenye kifungu cha saba. Alieleza bila hasira kwamba hilo linaitwa jina la kuazima. Kampuni hufutwa, mashine huenda kwa serikali, na wote wawili, aliyeazima na aliyeazimwa, hulala Mpimba, gerezani.

"Nia njema haiko kwenye kifungu," alisema.

Nilirudi nyumbani na barua yangu.

*

Msomaji atauliza kwa nini Daphrose asingekwenda tu kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa na karangamuntu yake ya kweli. Niliichoma mimi katika jiko la makaa, Aprili 1995, kwa sababu ilitaja komini, yaani tarafa, alikozaliwa, na kwenye vizuizi walikuwapo watu waliosoma mstari huo tu kumjua Mhutu. Nyingine hutolewa komini hiyohiyo. Iko milimani juu ya mji. Ofisi yake iliungua pamoja na vitabu vyake, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya wenye bunduki.

Kwa hiyo Daphrose hakuwa na hati, na Asiya hakuwa na kuzaliwa.

Kuzaliwa kunaweza kupatikana. Watu watatu wakiapa mbele ya ofisa wa komini kwamba wanamjua fulani tangu utoto, anaandikiwa hati. Mmoja wao lazima awe ndugu. Majirani wawili walikubali. Ndugu aliyebaki alikuwa Idi, kaka wa Fadhila, muuza vipuri vya magari katika barabara ya kumi na nne.

Kwa miaka tisa Idi alimwita Daphrose dada mbele za watu. Kila Idi el-Fitri alimletea kitenge. Nilikwenda kwake bila wasiwasi.

Alikuwa anafuta kabureta kwa kitambaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiweka chini.

"Shemeji, mi nasali safu ya kwanza. Kumwita mutu dada, sawa. Kumpa kitenge, sawa. Lakini niweke mukono juu ya Msahafu nisema tumezaliwa naye? Apana."

Nilimkumbusha kwamba kiwanda kitafungwa, na watu saba wanakula kupitia hapo.

"Mungu ndiye anawalisha," alisema. "Uongo wa kuapa haulishi mutu."

Nilimheshimu kwa hilo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitoka pale nikimwona Idi ni mtu mwenye msimamo kuliko mimi.

*

Ildephonse alikuja kweli, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, na kidau cha wino ndani ya mfuko wa plastiki. Fadhila alimpokea uani, mimi nikiwa kando. Daphrose alikuwa kiwandani Bwiza. Mke wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata bei ya mchele, alisema mdogo wake ameondoka juzi kwenda Kigoma kwa matibabu. Watu wa Buyenzi wana jamaa Kigoma. Wengi huenda huko kutibiwa. Ilikuwa kauli ya kawaida.

Ildephonse hakukaa. Alisema mgonjwa akirudi atamwona. "Akifariki, Mungu apishe mbali, nitaona hati."

Nilimuuliza hati gani.

Alihesabu kwa vidole. Mbia aliyefariki haleti kidole. Huletwa hati ya kifo iliyosainiwa na mkuu wa mtaa, kisha hati ya warithi, na kwa Waislamu inakubaliwa ile inayoandikwa na sheikh, kisha vidole vya warithi wenyewe. Faili linafungwa.

Yeye alikuwa anasoma orodha tu. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Jioni hiyo nilifanya hesabu ya mambo. Asiya akiwa hai, hawezi kuthibitishwa. Asiya akifa, anathibitishwa kwa karatasi mbili. Mrithi ni Fadhila. Hisa zikiwa mikononi mwa Fadhila, mashine zinabaki, na Daphrose anapata haki yake siku amani ikija. Idi naye alikuwa ndugu katika maandishi, lakini nilimwandikia tayari karatasi ya kujitoa, ilibaki saini. Mtu aliyekataa kuapa kwamba Asiya alizaliwa hawezi kudai kitu kwa Asiya aliyekufa. Niliona hoja hiyo haina kasoro.

Daphrose alikuwa mezani kiwandani, akikunja kurasa. Kazi yetu kubwa ilikuwa madaftari ya nyumba, yale ambayo kila nyumba mjini huandika humo kila anayelala ndani yake, ili wakaguzi wakija wahesabu vichwa. Alikunja maelfu ya madaftari hayo kwa mikono yake.

Nilimweleza. Hakuacha kukunja.

"Mara ya kwanza uliniuliza kama nakubali kuwa Asiya," alisema. "Sasa unaniuliza kama nakubali Asiya akufe. Siku moja, Baba Taju, uniulize kitu kingine."

Taju ni mwanangu Tajudini. Nilimuuliza Daphrose kama ana njia nyingine.

"Sina. Ndiyo maana unaniuliza."

*

Aliondoka Ijumaa saa sita na nusu mchana, mtaa wote ukiwa msikitini. Alivaa kama mtu anayekwenda sokoni. Alikwenda Kibenga, upande mwingine wa mji, kwa mama mmoja mjane aitwaye Adélaïde, aliyesali naye kanisa moja kabla ya vita na aliyejua habari zake zote. Huko aliitwa Daphrose. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kuitwa jina lake, na zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya msiba wake.

Baada ya siku tisa nilisema nimepigiwa simu kutoka Kigoma.

Nilisahau kwamba Buyenzi hafi mtu kimyakimya. Nilidhani nitapata mkuu wa mtaa, saini yake, basi. Kufika alasiri wanawake walikuwa wamejaa uani, jirani ameleta turubai, vijana wamekusanya viti. Kaburi liko mbali, kwa hiyo wakasema angalau marehemu asomewe. Jumatano tulikuwa na hitima.

Watu arobaini na mmoja walisoma. Niliwahesabu. Kila mmoja alichukua juzuu yake, na wengine walichukua mbili. Sheikh, mzee mwenye macho mabovu, aliomba dua ndefu kwa ajili ya mja wa Mungu Asiya, asamehewe, kaburi lake lipanuliwe. Hakujua kitu. Kati ya yote niliyofanya katika hadithi hii, hilo ndilo ambalo bado silitaji kwa sauti.

Idi alisimama mlangoni. Alipokea mikono ya pole kama kaka wa marehemu, akafuta macho kwa kanzu. Nilimwambia Fadhila kwamba kaka yake anatusaidia kuliko tulivyotarajia.

Fadhila aliniangalia. "Idi hajui kuigiza," alisema.

Sikumwelewa.

Kabla watu hawajatawanyika, mkuu wa mtaa alinipa fomu ya kifo niijaze mwenyewe, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Jina, baba, mama, tarehe 4 Juni, mahali Kigoma. Mstari mmoja niliuacha wazi, ule wa mahali pa kuzikwa. Sikujua jina la makaburi hata moja ya Kigoma, na siandiki nisichokijua. Mkuu wa mtaa hakuutazama. Aligonga muhuri.

*

Siku ya pili yake nilikwenda Kibenga kumjulisha Daphrose kwamba amekwisha kusomewa. Adélaïde alitupisha. Daphrose alikuwa anapiga pasi mashuka ya watu.

Nilidhani atauliza habari ya faili. Aliuliza nani alikuja.

Nikamtajia. Nilipofika jina la mama muuza mkaa, aliyegombana naye miaka mitatu kwa ajili ya bomba la maji, alisimamisha pasi.

"Naye alikuja?"

"Alikuja na sufuria ya maharage. Alilia."

"Alisema nini?"

"Alisema ulikuwa mtu wa watu."

Alicheka kidogo, halafu hakucheka. "Kumbe," alisema. "Na mi siwezi kwenda kumushukuru."

Aliendelea na pasi. Nilipoaga, aliniuliza kama Léonce, akiwa hai, kuna namna yoyote ataijua nyumba ya Kibenga. Nilimwambia ukweli: hakuna. Anuani aliyo nayo ni kwangu, Buyenzi.

*

Wiki iliyofuata tulikaa mbele ya sheikh kwa hati ya warithi. Karatasi ya Idi ya kujitoa ilikuwa ndani ya faili, imechapwa vizuri, ikingoja saini.

Sheikh aliuliza wazazi wa marehemu. Wamekwisha kufa. Mume? Hakuna. Watoto? Hakuna. Ndugu?

Fadhila alifungua mdomo. Idi alitangulia.

"Kuna mi, kaka yake. Baba mumoja, mama mumoja. Na huyu Fadhila."

Sheikh aliomba uthibitisho. Idi alitoa daftari la nyumba, lile la kwangu, alilokuwa ameliazima kwa mkuu wa mtaa, aliyelichukua kumfuta marehemu. Akalifungua mwaka 1995 na kuweka kidole chake kwenye mwandiko wangu.

Hapa lazima nikiri kosa, na ni kosa la ufundi. Daftari la nyumba huuliza uhusiano wa mtu na mwenye nyumba. Neno "shemeji" lingetosha, na jina la Idi lisingekuwamo. Mimi niliandika: "Shemeji, ndugu wa Fadhila na Idi, baba mmoja, mama mmoja." Hakuna aliyeuliza hayo. Nafasi ilibaki kwenye mstari, na sipendi mstari uliojaa nusu.

Sheikh alisoma kwa kukaribisha daftari na jicho. Kisha akatamka hukumu kama inavyotamkwa siku zote: marehemu asiye na mzazi wala mume wala mtoto, akiacha kaka na dada wa baba na mama, mwanamume anapata mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Hisa tisini. Idi sitini. Fadhila thelathini.

Sitini katika mia. Kiwanda kilikuwa cha Idi.

*

Nilimfuata nje, nikamshika mkono mbele ya duka la sabuni.

"Idi, unajua huyo si dada yako."

"Najua."

"Ulikataa kuapa."

"Sijaapa hata leo. Umeniona naapa? Mi nimesoma tu. Karatasi uliandika we, shemeji."

"Kiwanda ni cha Léonce."

"Léonce amekufa Congo miaka minane. Daphrose we mwenyewe umemuficha. Asiya amesomewa na mutaa wote." Aliondoa mkono wangu polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo. "Unaona nimeiba. Basi turudi ndani, wawili wetu, tumwambie sheikh. Uanze we."

Sikuanza.

"Nitakuacha kwenye kiti chako," aliongeza. "We ni mukurugenzi muzuri. Unasoma kila kitu."

Nyumbani nilimwambia Fadhila tumpeleke kaka yake kwa wazee wa mtaa. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alisema wazee wale wale walisoma juzuu. Nilimuuliza yeye yuko upande gani. Swali hilo halikuwa la haki.

"Yule ni kaka yangu wa damu," alijibu. "Yule mwingine ni mdogo wangu wa miaka tisa. Wa damu amenisaidia kumzika wa pili. Sasa we unataka nichague nini?"

*

Jumanne tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwisho, Ildephonse alikuja kiwandani Bwiza kufunga faili. Alitaka kuwaona warithi na mkurugenzi mahali pa kazi penyewe. Niliwapa wafanyakazi ruhusa ya asubuhi. Mashine zilikuwa zimezimwa. Kwenye meza ya kukunjia, mahali alipokaa Daphrose, Ildephonse alitandika gazeti na kufungua kidau chake.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimeamua. Barua ya siri ilikuwa mfukoni, tena. Ningesubiri Idi aweke kidole, ili uongo uwe wake pia, kisha ningeitoa. Ningekwenda Mpimba. Idi angekuja nami. Nilikubali hivyo. Kitu pekee ambacho hesabu yangu ilikataa kukiona ni kwamba barua ile ilitaja watu wawili walioazima jina, na wa pili alikuwa Daphrose.

Idi aliweka kidole. Fadhila aliweka kidole. Aliufuta wino kwenye khanga yake mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mtu alipoingia.

Hakubisha. Alivua kofia mlangoni, kama alivyofanya zamani kila asubuhi akija kufungua. Alikuwa amekonda, mvi zimejaa, na begani alikuwa na mfuko ulioshonwa kwa turubai la buluu la wakimbizi. Mashine hakuzitazama. Alitazama meza ya kukunjia.

"Massoudi," alisema Léonce.

Fadhila aliketi juu ya marundo ya karatasi.

Ildephonse aliinua kichwa akauliza ni nani huyu. Idi alimjibu haraka, bila kugeuka, kwamba ni mteja wa zamani.

Léonce hakulipinga. Miaka tisa ya kukimbia inamfundisha mtu kutosema jina lake mbele ya mwenye muhuri. Aliniangalia mimi peke yangu.

"Nimepitia kwako Buyenzi. Wamama wamenipa chai. Wameniambia yule dada mwenye alikuwa anaishi kwenu, Asiya..." Alisimama hapo. Jina hilo alilijua. Saini yake iko chini yake katika barua ya siri, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyangu wakati ule. "Wameniambia mumemusomea."

Ningeweza kusema maneno matatu. Yuko hai, Kibenga. Ningeyasema mbele ya karani aliyekuwa na hati ya kifo mkononi, na faili lake lilibeba saini ya mkuu wa mtaa, ya sheikh, ya mke wangu na yangu. Nikimtazama Fadhila, niliona vidole vyake vyenye wino. Nikimtazama Idi, niliona anasubiri kama anavyosubiri mteja apandishe bei mwenyewe.

Nilisema, "Patron, kaa kwanza."

Ildephonse alikuwa mtu mwema. Aliona mwanamume ameshika kofia kwa mikono miwili, akadhani anamsaidia. Alichukua faili akamsomea, kwa sauti ya ofisi lakini polepole. "Asiya binti Ramadhani. Amefariki tarehe 4 Juni 2004. Mahali, Kigoma."

Léonce alirudia neno moja.

"Kigoma?"

"Ndivyo imeandikwa, mzee."

"Mi natoka Kigoma," alisema Léonce. Aliuweka mfuko wake chini. "Nimekaa kambini kule miaka saba. Tarehe nne nilikuwa nangoja gari la kurudi." Aligeuka kwangu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukitarajia, kitu kinachofanana na furaha. "Alisikia niko kule? Alikuja kunitafuta?"

Fadhila alirudia kufuta kidole chake kwenye khanga.

"Massoudi. Alikuja kunitafuta mi?"

Idi alikohoa. Alisema kwa upole kabisa, "Mwambie, shemeji."

"Alizikwa wapi?" aliuliza Léonce. "Makaburi ya kule nayajua. Nitarudi hata kwa miguu. Niambie tu wapi."

Ildephonse aliinamia hati ya kifo kutafuta jibu hilo. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, jina, baba, mama, tarehe, mahali, kikasimama. Alikunja uso kama ninavyokunja mimi nikikuta neno limeruka.

"Mzee Massoudi, hapa hukujaza."

Akaigeuza karatasi upande wangu, akaisukuma juu ya meza ya Daphrose, na kuniletea kalamu.